Wasichana wangu wa kikapu wanaumia magoti: nizitumieje wiki nane kabla ya msimu?

*"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja mkoani Morogoro na ndiye ninayeisimamia timu ya kikapu ya wanawake, ingawa ukocha nimejifunza kwa kucheza tu. Nina wachezaji kumi na wanne. Msimu uliopita wawili waliumia goti, na hakuna aliyeguswa na mtu. Mmoja alikuwa anatua baada ya kudaka ribaundi (mpira uliorudi baada ya kukosa kikapu), mwingine alikuwa anakimbia na mpira akageuka ghafla. Huyu wa pili anasema alisikia kitu kimelia 'pa!' ndani ya goti, na jioni ile ile likavimba. Alipigwa eksirei, haikuonyesha kitu. Akaenda nyumbani, bibi yake akamkanda kwa maji ya moto na kumchua. Sasa ni mwezi wa tano tangu aumie, anasema haumwi na anataka kurudi mazoezini.*

*Wachezaji ndiyo wanarudi kutoka likizo ndefu na mashindano ya vyuo ni wiki nane zijazo. Uwanja wetu ni wa zege, tunaupata saa kumi na moja na nusu jioni wavulana wakishamaliza, kwa hiyo tukifika tunaingia moja kwa moja kwenye mchezo kabla giza halijatukuta. Wenzangu wananiambia magoti ya wanawake ni dhaifu kwa maumbile, hakuna la kufanya. Wengine wanasema niwapumzishe siku za hedhi, wengine niwanunulie soksi za goti. Mimi nilipanga wiki mbili za kwanza niwakimbize kilomita nyingi na kuwarusha ngazi ili wakomae. Nisaidie, sitaki kumpoteza mwingine."*

Nzuri, mwalimu. Katika barua yako kuna sentensi moja ambayo ningependa kila kocha aizingatie: hakuna aliyeguswa na mtu. Hiyo ndiyo inayonipa matumaini. Goti lililoumia kwa kugongwa ni vigumu kulikinga, kwa sababu huwezi kumpangia mpinzani namna ya kuanguka. Goti lililoumia mchezaji akiwa peke yake, anatua au anageuka, limeumia kwa sababu ya mkao wa mwili wakati unyayo unagusa chini. Mkao unafundishika. Wiki nane zinatosha kuwajenga wasichana wako kwa kiasi cha maana, ila mpango wa kilomita na ngazi naomba uuweke kando. Nitakuambia sababu.

Nianze na hili la magoti dhaifu, maana ndilo linalokukatisha tamaa. Ni kweli kwamba katika michezo ya kuruka na kukata kona, wasichana hukatika kano ya goti mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo ule ule. Kwa kikapu, tafiti nyingi zinataja kama mara tatu. Wenzako hawakuitunga hiyo. Kosa lao ni kudhani kwamba jambo likitokea zaidi kwa wanawake basi limeandikwa kwenye mifupa yao na limeisha.

Katikati ya goti kuna kano mbili zinazopishana kwa msalaba. Ile ya mbele madaktari huiita kwa kifupi ACL. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, na kuzuia goti lisijinyonge kwa kuzunguka. Ukitembea au kukimbia mbele moja kwa moja, kano hii haina kazi kubwa. Inabebeshwa mzigo pale unapofunga breki, unapotua, unapokata kona.

Sasa mfuate mchezaji wako wa ribaundi. Ameruka, mpira ameudaka juu, macho yameshaanza kumtafuta wa kumpasia. Anatua kwa mguu mmoja, goti likiwa karibu limenyooka, kiwiliwili kimeegemea nyuma au kimelala upande. Misuli ya nyonga haijamshika, kwa hiyo paja linaingia ndani na goti linalifuata, huku unyayo umekwama sakafuni. Hapo hapo msuli mkubwa wa mbele ya paja unajikaza kwa nguvu zote ili asianguke. Goti likiwa limenyooka, msuli huo unauvuta ugoko kwenda mbele, upande ule ule ambao kano inajaribu kuuzuia. Misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo ingeurudisha ugoko, imechelewa. Mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa unaangukia kwenye utepe mdogo wa nyuzi wenye unene wa kama kidole kidogo cha mkono. Watafiti waliochambua video za ajali hizi wanakadiria kwamba kano hukatika ndani ya milisekunde 50 hivi tangu unyayo uguse chini. Hata jicho halijapata muda wa kupepesa.

Ndiyo maana kumpigia mchezaji kelele "kuwa makini unapotua!" hakusaidii kitu. Katika muda huo hakuna binadamu anayeweza kufikiri, achilia mbali kujirekebisha. Kutua vizuri lazima kuwe kumeshakaa mwilini kabla hajaruka, na kunakaa kwa kurudiwa: kwanza taratibu, halafu kwa kasi, halafu akiwa na mpira na mtu wa kumsumbua.

Kwa nini basi wasichana zaidi? Wakati wa kubalehe mvulana anarefuka na homoni zinamwongezea misuli hata asipofanya zoezi lolote. Msichana naye anarefuka, mifupa inakuwa mirefu, lakini nguvu ya nyonga na mapaja haiongezeki kwa kasi ile. Kwa wastani kano yake pia ni nyembamba kidogo, na upenyo inamopita ndani ya mfupa ni finyu zaidi. Hayo ya kano na mfupa hatuwezi kuyabadilisha. Ya nguvu na ya kutua tunaweza, na hapa nasema bila kumung'unya maneno: wasichana wetu wengi wanafika chuoni hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha kutua. Kaka zao wamekuwa wakirukaruka na kuangushana viwanjani tangu wakiwa wadogo, wakati wao walikuwa na ndoo ya maji na vyombo vya kuosha. Ukiongeza na kupewa uwanja jioni wavulana wakishatosheka, unapata mwili uliotakiwa kucheza kwa kasi ya chuo bila kuandaliwa. Huo hauitwi udhaifu wa maumbile.

Waulize pia wangapi kati yao wametokea kwenye netiboli. Nadhani utakuta wengi. Netiboli inamlazimisha mchezaji asimame papo hapo anapodaka mpira, kwa sababu haruhusiwi kukimbia nao. Yule aliyefundishwa vizuri anakuja kwako akijua kusimama kwa magoti yaliyokunjwa, na huyo ni hazina. Yule aliyejifunza mwenyewe anakuja na tabia ya kufunga breki kwa mguu mmoja ulionyooka, na kwenye kikapu anaihamishia palepale kwenye ribaundi na leyapu (kukimbilia kikapu na kuruka ili kufunga). Kwa hiyo usidhani waliotoka netiboli wako salama wala kwamba wako hatarini zaidi. Watazame mmoja mmoja.

Ushahidi kwamba mafunzo yanasaidia ni wa muda mrefu. Mwaka 1999 Timothy Hewett na wenzake huko Cincinnati, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanamichezo wa sekondari zaidi ya 1,200 wa kikapu, soka na voliboli. Kundi moja la wasichana lilifundishwa kuruka na kutua kwa wiki sita kabla ya msimu. Wasichana ambao hawakufundishwa waliumia vibaya magoti mara 3.6 ya wale waliofundishwa, na waliofundishwa walikaribiana na wavulana. Norway, mwaka 2005, utafiti wa vijana 1,837 wa mpira wa mikono ulionyesha kwamba dakika 15 hadi 20 za kupasha kwa mpangilio maalumu zilipunguza majeraha ya magoti na vifundo kwa karibu nusu. Angalia muda: dakika ishirini. Hakuna mashine wala jengo la mazoezi.

Soksi za goti hazizuii kano kukatika. Zinalipa goti joto na mchezaji anajisikia yuko salama, basi. Nguvu inayokata kano haiwezi kuzuiwa na kitambaa. Hela hiyo nunua mikeka miwili na viatu kwa yule ambaye soli zake zimekwisha.

Hedhi. Kuna tafiti zinazoonyesha kwamba kano hulegea kidogo katika siku fulani za mzunguko, hasa karibu na yai kupevuka, na siyo siku za kutokwa damu kama wengi wanavyodhani. Lakini matokeo hayajakubaliana vya kutosha mtu apangie ratiba ya timu. Mwenye maumivu makali apunguze au apumzike, kama ambavyo ungemruhusu mwenye kichwa kinachogonga. Wengine waendelee. Ukianza kuwatoa mazoezini kila mwezi, utakuwa unawanyima mazoezi yale yale yanayowalinda. Linalonitia wasiwasi ni kinyume chake: mchezaji ambaye hedhi imekoma miezi mitatu au zaidi na hana mimba. Mara nyingi huyo mwili wake haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha. Anaanza asubuhi na chai ya rangi na andazi moja, mchana hali kitu, jioni anakimbia saa moja na nusu. Mwili unabana matumizi. Mifupa inakonda, majeraha hayaponi, na hasira na uchovu vinaongezeka. Mpeleke kwa daktari, na kabla ya hapo zungumza naye faragha, ikiwezekana kupitia mwanamke anayemwamini. Kwa timu nzima, sisitiza wale kitu kabla ya mazoezi na wale vizuri baada yake, dagaa na maharage na mboga za majani zikiwemo, na chai isinywewe pamoja na chakula kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa.

Zege ni gumu kwa miguu, hasa kwa ugoko na kwa kano iliyo chini ya kifuniko cha goti, ndiyo maana hesabu ya miruko lazima iwe na kikomo. Kwa ACL kinachonisumbua zaidi ni jinsi kiatu kinavyoshika chini: kikinata mno unyayo unakwama mwili ukizunguka, na vumbi likiwepo mguu unateleza kusikotarajiwa. Uwanja ufagiliwe kila jioni kabla ya mpira kudunda. Wapangie zamu.

Sasa mpango wako wa wiki mbili za kilomita na ngazi. Naelewa nia: unataka wakomae. Shida ni kwamba mapafu yanarudi haraka, lakini kano na mifupa iliyokaa likizo miezi mitatu inahitaji wiki kadhaa kuzoea tena mshindo. Ukiwarusha ngazi siku ya pili wakiwa wamechoka, utakuwa unawafundisha kutua vibaya mara mia kwa jioni moja. Nao wataikumbuka hiyo. Magoti yanayouma kwa mbele, ugoko unaowaka na hata mifupa iliyoanza kupata nyufa ndogo, vyote huja katika wiki hizi za mwanzo kwa timu zinazoanza kwa fujo.

Jioni ya kwanza usiwakimbize kabisa. Wapime. Tafuta kidaraja au kreti imara yenye urefu wa kama sentimita 30. Simu yako iegemeze kwenye tofali, usawa wa magoti, hatua tatu au nne mbele. Mchezaji anasimama juu, anashuka kwa miguu yote miwili, anatua na papo hapo anaruka juu kadiri awezavyo. Mara tatu tu. Kisha rudisha video polepole na uisimamishe pale alipozama chini kabisa. Je, magoti yako juu ya vidole vya miguu, au yamekutana katikati? Goti likipita ndani ya kidole gumba cha mguu, huyo ana kazi ya nyonga. Je, amekunja magoti na kiuno, au ametua akiwa wima? Halafu zima picha usikilize sauti. Anayetua vizuri karibu humsikii. Anayetua vibaya unasikia zege likipigwa. Mwonyeshe mwenyewe video yake. Kati ya kila ninachokifanya na wachezaji, hakuna kinachobadilisha haraka kuliko msichana kuliona goti lake mwenyewe likiingia ndani.

Wiki mbili za kwanza ziwe za kujenga msingi. Kuchuchumaa kwa mpangilio, visigino chini, magoti yakifuata vidole. Kutua kwa miguu miwili na kuganda hapo kwa sekunde tatu. Kwa nyonga, kata tyubu ya baiskeli iliyochakaa, funga kitanzi juu kidogo ya magoti, mchezaji atembee kando kando akiwa amechuchumaa nusu, mpaka pembeni ya makalio paanze kuwaka. Kwa misuli ya nyuma ya paja, apige magoti kwenye mkeka, mwenzake amshikilie vifundo, naye ajilaze mbele polepole akiwa amenyooka kutoka magotini hadi mabegani, akishindwa ajidake kwa mikono. Anza na marudio matano tu, mara mbili kwa wiki. Ukizidisha siku ya kwanza, kesho yake hakuna atakayeweza kukaa darasani. Pumzi ijengwe kwa vipindi vifupi uwanjani: urefu wa uwanja ni mita 28, waende na kurudi, wapumzike, warudie, na mwanzoni wageuke kwa kuzunguka, wasifunge breki.

Wiki ya tatu na ya nne wahamie mguu mmoja. Hapa usiwe na haraka hata kidogo, kwa sababu ajali zote mbili ulizonisimulia, moja ya kutua na moja ya kugeuka, ni za mguu mmoja. Kusimama kwa mguu mmoja huku akipokea pasi kutoka pande zote. Hatua moja mbele na kuganda. Mruko mdogo mbele na kuganda, baadaye wa pembeni. Mimi siruhusu zaidi ya kama kutua 80 kwa mazoezi ya jioni moja katika kipindi hiki, ukihesabu na zile za leyapu, na huwa nampa mtu kazi ya kuhesabu. Anayeanza kuyumba anakaa, hata kama hesabu haijafika.

Kuanzia wiki ya tano ingiza kukata kona kwa kasi, na fundisha hatua fupi fupi mbili tatu kabla ya kugeuka badala ya breki moja ya mguu ulionyooka. Kisha mpe mpira. Kisha mwekee mtu wa kumsukuma begani akiwa hewani, kidogo tu, ili ajifunze kutua akiwa ameyumbishwa, maana kwenye ribaundi ndivyo itakavyokuwa. Wiki ya sita na ya saba wacheze mechi za kweli mazoezini, robo nne za dakika kumi. Wiki ya mwisho punguza wingi wa mazoezi kama nusu, kasi ibaki ile ile, na walale. Mazoezi ya nguvu na ya kutua hayaachwi msimu ukianza. Yabaki mara mbili kwa wiki, vinginevyo faida inapotea katikati ya mashindano, wakati mnaihitaji kuliko wakati wowote.

Najua utauliza muda utatoka wapi, na uwanja mnaupata saa kumi na moja na nusu. Hayo ya dakika ishirini hayahitaji uwanja. Waite saa kumi na moja na dakika kumi, kwenye majani ya pembeni, wavulana wakiwa bado wanacheza. Mkiingia uwanjani mmeshapashwa na mmeshafanya kazi muhimu kuliko zote za jioni hiyo. Na kwa heshima zote, nenda ukazungumze na ofisi ya michezo ya chuo kuhusu kupokezana uwanja, angalau siku mbili kwa wiki wanawake waanze. Kucheza kwa kasi giza likiingia, kwenye zege, ni hatari, na ni hoja ya usalama ambayo mlezi wa michezo hawezi kuipuuza kirahisi.

Nimemwacha kwa makusudi yule binti wa "pa", kwa sababu kwake jibu langu halitamfurahisha. Asirudi kucheza mpaka apimwe.

Eksirei inaonyesha mifupa. Kano haionekani, kwa hiyo picha safi haimaanishi goti zima. Mlio ndani ya goti, kutoguswa na mtu, na uvimbe ndani ya saa chache (uvimbe wa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu imevujia ndani ya goti) ni dalili tatu ambazo zikikaa pamoja uwezekano wa ACL kukatika ni mkubwa sana. Kwamba haumwi sasa hakunitulizi. Kano iliyokatika haiendelei kuuma. Baada ya wiki kadhaa uvimbe unaisha, mtu anatembea, anapanda ngazi, hata anakimbia mbele bila shida. Siku atakayokata kona goti litamchomoka, na kila linapochomoka linaweza kusaga vile vibamba vya gegedu vinavyokaa kati ya mfupa na mfupa. Hivyo ndivyo mtu wa miaka 21 anavyopata goti la mzee. Bibi yake alifanya kwa upendo na sasa, mwezi wa tano tangu aumie, kukanda hakumdhuru, lakini wakumbushe wachezaji wote kwamba siku mbili tatu za mwanzo goti lililovimba halichuliwi wala halikandwi kwa maji ya moto. Linafungwa bandeji ya kubana kiasi, barafu ndani ya kitambaa, mguu juu ya mito.

Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, mwonane na idara ya fiziotherapia au daktari wa mifupa. Kipimo cha kwanza ni cha mikono tu: mtaalamu anashika paja na ugoko, anauvuta ugoko mbele na kulinganisha na mguu mzima. Hakimalizi dakika. Wakiona haja, watamwandikia kipimo cha MRI, picha inayoonyesha hata kano.

Ikithibitika imekatika, kuna njia mbili na zote ni za heshima. Ya kwanza ni mazoezi ya tiba peke yake, ya dhati, kwa miezi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, wa vijana 121, uliwapangia wengine upasuaji wa mapema na wengine mazoezi kwanza, upasuaji ukibaki kama akiba. Baada ya miaka mitano, karibu nusu ya waliopangiwa kuanza na mazoezi walikuwa bado hawajahitaji kisu. Ya pili ni upasuaji wa kutengeneza kano mpya, ambao Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hufanya kwa matundu madogo. Kwa anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kukata kona, na hasa goti likiwa linamchomoka, madaktari wengi humwelekeza huko, nami nakubaliana nao. Lakini upasuaji una gharama, unahitaji bima au familia iliyojipanga, na bila mazoezi ya tiba baadaye haumsaidii. Kama kikapu kwake ni burudani ya chuo na anaweza kuridhika na kukimbia au kuogelea, njia ya kwanza inaweza kumtosha kabisa. Huo ni uamuzi wake na wa familia yake, siyo wa timu, na wewe usimsukume upande wowote.

Akifanyiwa upasuaji asifikiriwe kwa mechi kabla ya miezi tisa. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi aliousubiri mchezaji hadi kufikia wa tisa ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa karibu nusu. Kati ya vijana wanaorudi michezoni baada ya jeraha hili, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena, goti lile lile au la pili. Mchezaji wa kikapu Paige Bueckers wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, aliyekuwa na kila mtaalamu na kila kifaa, alikatika ACL Agosti 2022, na msimu wa 2022 hadi 2023 aliukosa wote. Hakuna aliyemharakisha. Aprili 2025 alichukua na timu yake ubingwa wa vyuo wa Marekani.

Na miezi peke yake haitoshi. Goti lisiwe na uvimbe hata baada ya mazoezi, linyooke hadi mwisho, na nguvu ya paja ifikie angalau asilimia 90 ya mguu wa pili. Umbali wa kuruka kwa mguu mmoja mnaweza kuupima hapo chuoni kwa futi kamba, lakini ruhusa ya mwisho aitoe mtaalamu aliyemshika goti. Kwa mashindano haya ya wiki nane, hayumo. Mwambie wewe mwenyewe, mapema, ana kwa ana, asije akalisikia kwa wenzake. Yule wa ribaundi hukuniambia anaendeleaje. Kama goti lake lilivimba siku ile ile au linamchomoka, naye aende pamoja.

Kuanzia jioni ya kwanza, weka mtu mwenye namba ya gari na ya mlezi wa michezo. Mchezaji akiumia goti akashindwa kukanyaga, au goti limekwama halikunjuki, au limekaa upande, au unyayo umekuwa baridi au una ganzi, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo bila kumlazimisha atembee "kulinyoosha". Akisikia mlio au goti likavimba ndani ya saa chache, hata kama anatembea, anatolewa mchezoni na kuonwa na mtaalamu ndani ya siku chache. Majibu ya binti yakitoka, niandikie, ukiambatanisha alichoandika daktari, ili tupange mazoezi yake ya miezi inayofuata.